Je, Yafaa Kuwachezesha Watoto Hadithi za Miungu ya Wayunani?



Liko swali ambalo kwa mara ya kwanza laonekana dogo, kana kwamba ni jambo la watoto tu. Walakini ukilishika na kulipima utaona lina uzito. Ni hili: Je, yafaa mwalimu Mkristo awafundishe watoto hadithi za miungu ya Wayunani wa kale, tena kwa njia ya michezo? Katika nchi nyingi waalimu hufanya hivyo. Mtoto mmoja huwa shujaa, mwingine huwa mnyama mkali, wengine husimama kuwa kuta za nyumba. Hukimbizana, hucheka, na jioni kila mmoja hurudi kwao akiijua hadithi ambayo angeisoma kitabuni kwa shida na kuisahau upesi. Wako wasemao, "Hii ni elimu njema." Wako wasemao, "Huku ni kuwatia watoto upagani huku wakicheka." Pande zote mbili zina sababu zao, wala haifai kuudharau upande wowote. Basi natulitazame neno hili polepole.

Kwanza yatupasa kukumbuka ya kuwa hadithi hizi si geni kwa msomaji wa Biblia. Mtume Paulo alizaliwa Tarso, akasafiri katika miji iliyojaa mahekalu ya miungu hiyo. Katika Matendo ya Mitume twakuta habari za Artemi wa Efeso, na za merikebu yenye alama ya ndugu pacha, wana wa Zeus, na za watu wa Listra waliodhani ya kuwa Zeus na Hermes wameshuka kwao. Hata lugha yetu imechukua mabaki ya hadithi hizo pasipo sisi kujua. Mtoto asemaye "muziki" ametaja Muse, wale binti tisa wa Zeus waliosemwa kuwa walinzi wa nyimbo na elimu. Afunguaye "atlasi" darasani ametaja jina la Atlas, jitu lililohukumiwa kuibeba mbingu mabegani. Na michezo ya Olimpiki yaitwa hivyo kwa sababu ya Olympia, mahali palipokuwa na sikukuu ya Zeus, ambapo washindi waliandikwa majina tangu mwaka 776 kabla ya Kristo. Kwa hiyo hatuulizi kama mtoto atakutana na majina haya. Atakutana nayo. Twauliza akutane nayo kwa namna gani, na mkononi mwa nani.

Tena swali hili halikuanza leo. Yapata mwaka 200 Tertullian, mwalimu wa Kanisa wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu juu ya ibada ya sanamu. Humo aliwatazama waalimu wa shule, ambao kazi yao iliwalazimu kutaja majina ya miungu na nasaba zao na kuzishika sikukuu zao. Neno lake ni la ajabu: alisema Mkristo aweza kujifunza vitabu hivyo, maana elimu haipatikani kwa njia nyingine, lakini kuvifundisha hakumpasi, kwa kuwa afundishaye huonekana kuyasifu ayasemayo.

Mwaka 362 Kaisari Julian, ambaye alilelewa katika Ukristo kisha akauacha, alitoa sababu iliyokaribia hiyo, ila kwa nia ya adui. Aliwazuia Wakristo wasifundishe vitabu vya Homer na wenzake, akisema si uaminifu mtu kufundisha asiyoyaamini. Afadhali waende makanisani mwao wakaeleze Injili zao. Wakristo waliona hasara kubwa. Basil, askofu wa Kaisaria katika Kapadokia, aliyekuwa amesoma mwenyewe katika mji wa Athene, aliandika baadaye shauri kwa vijana juu ya kusoma vitabu vya Wayunani. Alitumia mfano wa nyuki, ambaye haendi kwa kila ua, wala katika ua aliendealo hachukui vyote, bali huchukua kifaacho kwa kazi yake na kuliacha lililobaki.

Naye Martin Luther, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa wenye miji ya Ujerumani, aliwasihi wajenge shule. Aliyakumbuka mapigo ya shule za zamani kama mateso, akasema sasa watoto waweza kujifunza lugha na elimu na habari za kale kwa furaha na kama kwa mchezo. Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, alishika kazi ya kuzitafsiri hadithi za Aesop, Myunani, kwa sababu aliziona zafaa kuwafundisha watoto na watumishi wa nyumbani. Hata Charles Kingsley, padre Mwingereza aliyewaandikia watoto wake hadithi za mashujaa wa Kiyunani mwaka 1856, kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa misheni, kikaitwa "Mashujaa".

Basi katika maneno haya ya zamani naona hoja mbili zilizo nzito. Ya kwanza ni ile ya Tertullian na Julian: je, si uongo kufundisha usichokiamini? Ya pili nitaieleza baadaye, nayo ni nzito kuliko ya kwanza.

Hoja ya kwanza yapata jibu kwa mtume Paulo mwenyewe, tukimtazama katika miji miwili. Huko Listra mtu kiwete aliponywa, na watu wakapaza sauti kwamba miungu imeshuka kwa mfano wa wanadamu. Wakamwita Barnaba Zeus, na Paulo Hermes kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji. Huenda walikuwa na sababu ya kufanya haraka. Mshairi wa Kirumi Ovid aandika hadithi ya nchi ya Frigia, iliyo jirani, kwamba Zeus na Hermes walipita zamani kwa sura ya wasafiri wakafukuzwa katika nyumba elfu. Wazee wawili maskini, Baucis na mumewe Philemon, ndio tu waliowakaribisha, na nyumba za wengine zote zikazama majini. Watu waliokwisha kusikia hadithi ya namna hiyo hawatataka kukosea mara ya pili. Lakini kuhani wa Zeus alipoleta ng'ombe na mashada ya maua ili kutoa dhabihu, mitume walirarua nguo zao na kuingia mbio katikati ya watu kuwazuia.

Kisha mtazame Paulo yuleyule katika Athene. Hapo alisimama mbele ya wenye hekima akatumia maneno ya washairi wao juu ya sisi kuwa uzao wa Mungu. Maneno hayo yamo katika shairi la Aratus, nalo shairi hilo laanza kwa kumsifu Zeus. Paulo hakulikataa neno la kweli kwa sababu lilitoka katika shairi la namna hiyo, wala hakudhani ya kuwa kulitaja ni kumwabudu Zeus.

Tofauti ya miji hii miwili ni nini? Katika Athene ilikuwa maneno na mawazo, yanayoweza kuchukuliwa na kupimwa. Katika Listra ilikuwa madhabahu na dhabihu. Hapo ndipo mpaka ulipo, na mwalimu wa watoto aweza kuushika hata akiwa uwanjani na filimbi mkononi. Kuchezesha hadithi ya safari ya shujaa si ibada. Lakini mchezo wenye madhabahu, na watoto kupiga magoti na kuziomba sanamu hata kwa mzaha, si hadithi tena. Sala haina namna mbili, ya kweli na ya mchezo. Mtoto akizoea kuona sala ni mzaha kwa Zeus, kesho ataionaje kanisani? Hata mahali ambapo watoto si Wakristo, mwalimu mwenye adabu hataifanya ibada ya mtu kuwa kichekesho; tena katika Ugiriki ya siku hizi wako watu wachache walioirudia miungu ya kale kwa moyo wao wote.

Wala mchezo wenyewe si uongo. Mwongo hutaka usadiki asemayo. Bali watoto wachezapo, wote wajua. Ukimwita mtoto kula, huacha kuwa mfalme mara moja akaenda kunawa mikono. Sisi nasi tulikua na hadithi za sungura na fisi, tukaitikia "Hadithi njoo", wala hapana mtoto aliyefikiri ya kuwa sungura hushtaki mbele ya mfalme simba kwa maneno ya watu. Hofu ya kwamba mtoto atatoka uwanjani akimwamini Zeus ni hofu ndogo.

Sasa naja kwenye hoja ya pili. Hiyo haikuletwa na Mkristo, bali na Myunani, Plato, aliyeishi karne nne kabla ya Kristo kuzaliwa. Katika kitabu chake juu ya mji wa haki alikataa watoto wasisimuliwe habari za miungu wagombanao na kudanganyana na kuwatenda vibaya baba zao, maana roho ya mtoto ni laini, na chapa inayopigwa hapo haifutiki upesi. Tena aliogopa kuiga. Alisema mtu aigaye tabia kwa muda mrefu tangu utoto, tabia hiyo huingia katika mwili wake na sauti yake na mawazo yake. Na Plato huyohuyo, katika kitabu hichohicho, asema ya kuwa watoto wasisomeshwe kwa nguvu bali kwa mchezo, kwa sababu elimu iliyoingizwa kwa mabavu haikai. Maneno haya mawili yapatana. Kwa kuwa mchezo una nguvu ya kufundisha, una nguvu pia ya kuharibu. Wahenga wetu nao walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi natuitazame michezo mitatu, tuone kile ambacho mwili wa mtoto hujizoeza.

Mchezo wa kwanza ni ule wa nyumba ya vichochoro. Hadithi yasema ya kuwa Minos, mfalme wa Krete, alikuwa na nyumba yenye njia zilizopindana, na ndani yake amefungwa Minotaur, nusu mtu nusu ng'ombe. Mji wa Athene ulilazimishwa kupeleka vijana saba na wasichana saba wawe chakula chake, hata Theseus alipokwenda na kumwua, akarudi mlangoni kwa kuufuata uzi aliopewa na Ariadne binti wa mfalme. Watoto ishirini na watano husimama safu tano, wamenyosha mikono na kugusana vidole, na kati ya safu pana njia. Wawili hukimbizana humo, Theseus na Minotaur, wala hawana ruhusa kupita chini ya mikono. Mwalimu akipiga kofi, wote wa safu hugeuka upande wa kuume, na mara njia zilizokuwa wazi zimefungwa, na zilizofungwa zimefunguka. Ni mchezo mzuri sana. Mtoto huelewa kwa miguu yake maana ya kupotea.

Lakini angalia ni nani afanywaye Minotaur. Mara nyingi ni yule mnene, au aliyechelewa kusoma, au asiye na rafiki. Tena leo yeye, na kesho yeye. Hadithi yenyewe ingetufundisha vema kuliko tulivyoichezesha. Minos alimwahidi Poseidon, mungu wa bahari, dhabihu ya fahali, kisha akamwonea tamaa yule fahali akamweka. Aibu iliyoingia nyumbani mwake ilitoka hapo. Minotaur alizaliwa katika kosa la wakubwa, akafungiwa gizani ili wasimwone. Mwalimu awapaye watoto wote zamu ya kuwa Minotaur, na mchezo ukiisha akawauliza, "Wewe uliyefukuzwa na wote, uliona nini moyoni?", amefundisha neno ambalo watu wazima wengi hawajalijua. Na mwalimu aachaye kundi limchague mnyama wake lenyewe amefundisha neno jingine, hata kama hakulisema.

Mchezo wa pili ni mbio za Atalanta. Alikuwa msichana mwenye mbio kuliko wanaume wote, akaapa kuolewa na yule tu atakayemshinda; naye aliyeshindwa aliuawa. Hippomenes alipewa matufaha matatu ya dhahabu na Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Katika mbio akayatupa moja moja kando ya njia. Atalanta akainama kuyaokota, akashindwa. Watoto hukimbia wawili wawili kutoka makundi mawili, na mmoja ana machungwa matatu ya kuangusha. Hucheka sana. Ila kicheko hicho ni kilekile cha hadithi za sungura: aliyedanganya ameshinda, nasi twapiga makofi. Sisemi mchezo huu uachwe. Nasema usiishie kwenye makofi. Mwalimu aulize: Je, Hippomenes alishinda, au Atalanta alijishinda mwenyewe kwa tamaa? Kama ungekuwa mwamuzi, ungempa tuzo? Watoto watabishana, wala hawatapatana, na mabishano hayo ndiyo somo.

Mchezo wa tatu ni ule wa Baucis na Philemon, niliokwisha kutaja hadithi yake. Watoto huchora nyumba zao chini kwa kijiti, kila wawili nyumba yao. Wasafiri wawili hupita wakibisha hodi, na kila nyumba hutoa udhuru wake wa kutowapokea: mmoja ana mgonjwa, mwingine hana unga, mwingine amelala. Nyumba ya mwisho ndiyo maskini kuliko zote, nayo huwakaribisha. Utastaajabu jinsi watoto wazijuavyo nyudhuru. Wamezisikia nyumbani kwetu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, na Waraka kwa Waebrania wakumbusha ya kuwa wengine walikaribisha malaika bila kujua. Hapo hadithi ya Wayunani na mithali yetu na neno la mtume vyakutana. Lakini mwishoni liko swali gumu lisilofaa kukwepwa: je, ilikuwa haki nyumba zote nyingine kuzama majini kwa kosa lile? Mtoto atakayeuliza hivyo asinyamazishwe. Ameanza kupima tendo la mungu wa hadithi kwa kipimo cha haki, jambo ambalo Plato naye alilifanya, na ambalo Zeus wa hadithi hawezi kulistahimili.

Kwa mambo hayo naona ya kuwa hatari kubwa haiko katika majina ya Zeus na Hermes. Hatari iko katika mashujaa wachezwao bila kupimwa. Hadithi hizi huwasifu wenye nguvu na werevu na uzuri. Wanyonge humo ni chakula cha mnyama au mawe njiani. Mtoto akicheza hivyo pasipo kuulizwa neno, atajizoeza kuwaona wenzake vivyo hivyo. Na haya huweza kutokea katika mchezo wowote, hata ule uliotungwa kwa habari za Biblia, ikiwa Goliathi ni mtoto yuleyule kila Jumapili.

Kwa hiyo shauri langu kwa waalimu wa dini na wazazi ni hili. Hadithi nazichaguliwe kama nyuki achaguavyo maua. Zile za uzinzi na ulipizaji kisasi wa miungu zaweza kungoja mpaka kijana awe na umri wa kuzisoma na kuzihukumu. Mchezo usiwe na sala, wala madhabahu, wala sadaka. Kabla ya kuanza, watoto waambiwe wazi: hizi ni hadithi ambazo Wayunani wa kale walizisadiki, nasi twazijua ili tuwaelewe. Kila mtoto apate zamu ya kuwa shujaa na zamu ya kuwa mnyama. Na muda wa kucheza ukiwa nusu saa, robo ya mwisho iwe ya kuketi chini ya mti na kuulizana.

Najua robo hiyo ndiyo iachwayo kwanza, maana jua limepanda, watoto wamechoka, na mwalimu ataka kwenda zake. Lakini Tertullian alisema ya kuwa afundishaye huonekana kuyasifu ayasemayo. Mwalimu awachezeshaye watoto kisha akaondoka pasipo kuuliza neno, neno hilo la Tertullian lampata. Aketiye nao na kuwauliza, mbele yao anapima. Watoto nao wamtazama ili wajue jinsi ya kupima.